Miji tisa kwa siku 14, mama naye magoti yanamuuma

SWALI: Shikamoo dada. Mie msomaji wenu niko Chumbageni, Tanga. Mwakani mwezi wa sita Mungu akipenda tunakwenda Ulaya, mie, mume wangu na mama yangu mzazi, kaka yangu anaishi Utrecht kule Uholanzi ndo katualika. Likizo ya mume wangu inatupa siku 14 za kukaa huko. Yeye keshapanga, tunaanza Amsterdam, Brussels, Paris, Zurich, Milan, Venice, Florence, Roma halafu tumalizie Barcelona kwa sababu ya mpira, anasema nauli ya kufika huko ni kubwa sana kwa hiyo tukifika tuone kila kitu. Mama ana miaka 67, magoti yanamsumbua, ngazi kwake ni shida. Mie naona hizi ni mbio tu ila nikisema naambiwa nakatisha tamaa. Je inawezekana? Na kama nikate, nikate miji gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Treni zipo na ndege zipo, kwa hiyo kufika mtafika, ila kuona ndo hamtaona. Sie Tanga tunasema waja leo waondoka leo, basi hiyo ratiba ya shemeji ni hiyo hiyo, kila mji mnafungua begi usiku asubuhi mnafunga.

Tatizo ni kwamba mtu akipanga akiwa nyumbani anaangalia muda wa treni peke yake. Chukua Amsterdam mpaka Paris, treni ya Eurostar inatumia masaa 3 na dakika 20 hivi, ukisikia hivyo unaona rahisi. Sasa ihesabu ile siku yenyewe. Mnaamka, mnafunga mabegi, mama anataka chai yake kwa utulivu, mnatafuta usafiri wa kwenda stesheni, mnafika mapema maana mkiikosa treni tiketi za bei nafuu hazibadilishwi kirahisi, mnasafiri, mnashuka stesheni ya Gare du Nord penye watu kibao, mnatafuta teksi, mnafika hotelini mnaambiwa chumba hakijawa tayari kwa sababu hoteli nyingi zinapokea wageni kuanzia saa tisa alasiri, mama kakaa mapokezi miguu imevimba. Siku imekwisha hiyo. Na nyie mnataka kuhama mara nane ndani ya siku 14! Hapo hata sijagusa basi la Tanga kwenda Dar na usiku mtakaokesha kwenye ndege. Jambo zuri ni kwamba mwezi wa sita Uholanzi wako nyuma yetu saa moja tu, saa za mwili hazitawasumbua, ila usingizi mtakuwa mnaudai.

Kwa hiyo kaa na shemeji mchukue karatasi, msiandike miji, andikeni idadi ya usiku mtakaolala huko. Mnao 14. Halafu kila usiku muupe mahali pa kulala na muone zinavyokwisha haraka.

Mie ningepanga hivi. Utrecht kwa kaka usiku 6, Paris usiku 4, Roma usiku 4, basi. Utaniuliza mbona Amsterdam haimo, imo dada, kutoka Utrecht ni chini ya nusu saa kwa treni, mnakwenda asubuhi mnarudi jioni mnakula wali wa nyumbani. Rotterdam na The Hague nako ni hivyo hivyo, kama dakika 40. Na shemeji mpira wake haupotei, Amsterdam kuna uwanja wa Johan Cruijff ArenA wanatembeza wageni mpaka ndani, akaushike huko, Barcelona aiache, maana kutoka Paris ni karibu masaa 7 ya treni. Florence nayo mkiwa Roma ni saa moja na nusu hivi kwa treni ya kasi, mkijisikia mnakwenda, msipojisikia mnalala. Paris kwenda Roma pandeni ndege, na tiketi kubwa ya kutoka Dar muulize ile ya kuingilia Amsterdam na kutokea Roma, msirudi tena Uholanzi kwa ajili ya ndege tu.

Venice inaniuma kuikata maana ni nzuri kweli, ila kwa magoti ya mama siwezi kukudanganya. Kule katikati ya mji gari hakuna, ni mifereji na madaraja, na madaraja mengi ni ya ngazi, unapanda unashuka huku umebeba begi. Mtu wa magoti atabaki hotelini. Paris pia uwe makini, stesheni nyingi za metro hazina lifti, mwekeeni mama hesabu ya basi na teksi, na siku moja apande boti za mto Seine aone mnara wa Eiffel na kanisa la Notre-Dame akiwa amekaa. Mkichukua hoteli uliza kwanza lifti ipo au haipo, Amsterdam hasa, zile nyumba za zamani ngazi zake zimesimama wima kabisa.

Jambo lingine watu hawaliwazi, mwezi wa sita jua la Paris linazama karibu saa nne usiku. Kama mnaswali, magharibi ni hiyo, isha inakaribia usiku wa manane, na alfajiri haichelewi kuja. Mama atalala kidogo sana. Msiweke kitu chochote kabla ya saa nne asubuhi, na mchana muwe mnarudi kupumzika. Kitu kimoja kikubwa kwa siku kinatosha jamani! Na angalieni siku zenyewe, makumbusho ya Louvre kule Paris Jumanne wanafunga, makumbusho ya Vatican kule Roma Jumapili yanafungwa isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi.

Halafu viza. Ya Schengen, ile viza moja inayowaingiza nchi nyingi za Ulaya, mnaiomba kwa nchi mtakayokaa zaidi, na mkilingana siku, ile mtakayoingia kwanza. Ndo maana nimewapa Utrecht usiku 6, mnaomba Uholanzi ambako na mwaliko wa kaka upo, karatasi zote zinasema kitu kimoja. Ratiba ya miji tisa afisa akiisoma atajiuliza nyie mnakwenda wapi hasa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari mpaka siku 15 kabla. Msingoje hizo 15, majibu yanaweza kufika siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi.

SWALI: Dada mambo, mie niko Makorora. Nikipata Schengen ya kwenda Paris wiki moja, naweza kuchomoka London siku mbili nikarudi Paris kupanda ndege?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hapana, Uingereza haimo kwenye Schengen, inataka viza yake na pesa yake mbali. Ireland nayo haimo. Uswisi ndo imo japo haiko Umoja wa Ulaya. Na hata ukiwa na viza zote mbili, ukitoka Paris kwenda London umeshatoka Schengen, kurudi inabidi viza yako iwe inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kama ni ya kuingia mara moja utazuiwa hapo hapo London kabla hujapanda treni, maana polisi wa Ufaransa wanakagua pasipoti huko huko stesheni. Kwa wiki moja mie ningebaki Paris, London uiwekee safari yake.