Karura kuna zamu

Wiki hii mmetuuliza: "Msitu ulio katikati ya jiji ni wa nani, wa watu wanaokwenda kutembea na kukimbia, au wa wanyama wanaoishi humo?" Mimi ni mlinzi wa usiku mtaa wa Muthaiga, Nairobi, mwaka wa tisa sasa, na swali lenu limenichekesha kidogo. Kibanda changu cha langoni ni kimoja, kiti kimoja, birika la chai moja. Naingia saa kumi na mbili jioni, mwenzangu ananipokea saa kumi na mbili asubuhi. Ukituuliza kibanda ni cha nani kati yetu wawili, tutakushangaa. Kila mtu ana zamu yake. Msitu wa Karura, jirani yetu, nako naona ni hivyohivyo.

Nikishakabidhi daftari na funguo, kuna Jumamosi ambazo sipandi matatu kwenda kulala. Nikiwa na cha kulipia langoni, najikokota hadi lango la Barabara ya Kiambu na kabuti langu begani, naingia msituni. Wakimbiaji hunipita wakiwa wamevaa rangi za kasuku. Najua wanajiuliza huyu mzee wa kabuti anafuata nini.

Ninachofuata ni ile saa ya kukabidhiana. Ukiingia mapema utawakaribia wa zamu ya usiku, ingawa kuwaona ni bahati. Nungunungu, fungo na kanu si watu wa kupigwa picha. Lakini wanaacha maandishi. Mwezi uliopita, kwenye njia ya kwenda maporomoko, nilikuta udongo umefukuliwa kama shamba la viazi lililovamiwa na wezi. Vishimo vilikuwa vifupi, vyenye kingo safi, na katika kimoja kulikuwa na mwiba wa nungunungu. Ulipita urefu wa kalamu ya risasi, wenye pete nyeupe na nyeusi, na nilipouzungusha vidoleni ulikuwa mwepesi kama ubua. Ncha nilijaribu kuigusa kwa kidole gumba, nikajuta. Nikaurudisha pale pale. Mlinzi hatoki na mali ya lindo.

Jua likipanda kidogo, wa mchana wanaripoti kazini. Kwanza kima. Utawasikia kabla ya kuwaona, matawi yanatikisika na maganda yanadondoka. Kima ni mharibifu wa chakula: anauma tunda mara moja, analitupa, anachuma jingine. Ila hiyo hasara ya juu ni faida ya chini. Ukisimama kimya, kimya kabisa, hata kikohozi umekimeza, unaweza kumwona funo, paa mdogo wa msituni, ametokea vichakani, mwekundu, miguu myembamba kama vijiti vya mishikaki, anaokota yale matunda. Nilimwona mmoja mara moja tu kwa karibu. Pua yake ilikuwa imelowa na ilikuwa haitulii. Simu yangu ilipoita, nafasi aliyosimama ilibaki majani yanayochezacheza. Aliyenipigia alitaka kujua kama nimelala.

Mbega nao wapo. Mimi nimekulia kando ya msitu wa Kakamega, kwa hiyo mbega kwangu ni jirani wa utotoni, na nilipowaona Karura, mikia yao myeupe ikining'inia kama vitambaa vilivyoanikwa, nilikaa chini. Nikaja kuelewa kwamba hao waliletwa. Kuanzia mwaka 2014 walihamishwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, ambako miti yao ilikuwa imebaki vipande katikati ya mashamba. Leo wana watoto waliozaliwa hapa hapa. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepepe, kama kipande cha pamba alichokumbatia mama, rangi nyeusi humjia baadaye.

Sasa nisionekane nawapendelea wanyama. Bila watu, huo msitu usingekuwapo. Karura ina hekta 1,041 na imekuwa msitu wa serikali tangu 1932, lakini karatasi ya serikali si ukuta. Miaka ya tisini vipande vyake viligawiwa watu wa kujenga. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikwenda na wenzake kupanda miti, wakapigwa, naye akapasuliwa kichwa. Na hata baada ya hapo, mlinzi mzee niliyemkuta kazini aliniambia kwamba mtu wa Muthaiga mwenye akili zake hakukatiza Karura hata saa sita mchana, kwa hofu ya majambazi. Ni baada ya 2009, wakazi walipoungana na Huduma ya Misitu ya Kenya, ukazungushiwa uzio wa umeme na njia zikawekwa nguzo za namba, ndipo watu wakaanza kuja na watoto. Miguu ya watembezi ndiyo iliyomfukuza jambazi. Kwa hiyo anayesema watu watolewe waachiwe wanyama, anataka kumfukuza askari wa mchana halafu alale usingizi.

(Muthaiga yenyewe, kwa wasiojua, ni jina la mti. Magome yake yanawasha kama pilipili na watu huyatafuna kwa kikohozi na meno. Miaka tisa nimelinda mtaa wenye jina hilo, na mti wenyewe nilionyeshwa Karura.)

Linaloharibu zamu ni chakula. Hapa naomba niseme ukweli wangu. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa kwenye benchi na mkate wangu uliobaki usiku, akaja kima jike na mtoto amemng'ang'ania tumboni, akanitazama kwa macho ya mtu anayedai. Nikamkatia kipande. Nilijiona mkarimu kweli. Wa pili akaja, nikamkatia. Kabla sijafunga mfuko, dume moja likashuka kutoka nyuma yangu, likanyakua mkate mzima, likasimama hatua mbili likinionyesha meno. Sikuwa na rungu, na hata kama ningekuwa nalo nisingelitumia, nilikuwa nimeganda.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na binti yake mdogo akasimama.

"Mzee, shikamoo. Umeumia?"

"Marahaba, mama. Sijaumia."

"Pole. Lakini kuna kitu umemfunza huyo. Wiki ijayo atamwendea huyu wangu, na huyu hana nguvu kama wewe."

Sikuwa na jibu. Yule mtoto alikuwa ameshika ndizi, na dume lile lilikuwa limeshamwona.

Tangu siku hiyo nakula mkate wangu nje ya lango. Ona tofauti: mbega hana haja na mkate wako, chakula chake hasa ni majani na tumbo lake limeumbwa kwa majani, kwa hiyo anakaa juu na heshima yake. Kima anakula matunda, wadudu, chochote, na ni mwepesi wa kujifunza. Akishajua kwamba mfuko ni chakula, ameacha kazi. Hazungukii tena miti, anazungukia mabenchi. Na funo aliyekuwa akimtegemea chini ya mti, ataokota nini?

Wapanda baiskeli mnawasema sana, mimi sioni neno. Wana njia zao, wanapita, wamekwisha. Wakimbiaji vivyo hivyo. Anayeniudhi ni yule wa spika ya kubeba mkononi. Bwana, umelipa kiingilio uje usikilize ulichokiacha nyumbani? Na mbwa asiye na kamba. Sheria inasema kamba, watu wanaifungua wakishapita kona ya kwanza, eti wangu ni mpole. Mpole kwako. Wa usiku wamelala vichakani saa hizo, na paa hujibana tu akitumaini hajaonekana. Pua ya mbwa haihitaji kumwona.

Chupa za plastiki za kutupwa zilishakatazwa misituni tangu tarehe 5 Juni 2020, na watu wamezoea. Mimi nabeba chupa yangu ya bati. Sioni kwa nini tusizoee na hili la chakula.

Basi jibu langu ndilo hilo: mchana mje, wengi tu, mkimbie, mwendeshe, mlale kwenye nyasi. Jioni lango likifungwa mtoke kweli, na msiache hata ganda la karanga linalosema kesho kuna nyingine.

Mimi wakati huo naingia kazini. Juma langu la kwanza Muthaiga, saa tisa usiku, nilisikia mtoto mchanga akilia upande wa miti, analia hasa, mtoto aliyetupwa. Nikachukua tochi na rungu, nikazunguka ua mara tatu, nikamwamsha mpishi. Akasikiliza kidogo, akafunga kanga yake vizuri, akaniambia, "Huyo ni komba, baba. Rudi ukae." Bado analia mpaka leo, usiku mwingine karibu, mwingine mbali. Nikimsikia naangalia saa, nafungua daftari la matukio na kuandika: saa tisa na dakika kumi, hali shwari.