Natakiwa kutia saini jengo ninalolitilia shaka

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni injinia Dar es Salaam. Nguzo za chini za ghorofa tunayojenga zilitakiwa ziwe za zege la gredi 25 (nguvu ya nyutoni 25 kwa milimita ya mraba), lakini vipande tulivyovunja maabara baada ya siku 28 havikufika hata 18. Tajiri kaamuru plasta ipigwe, anataka nitie saini wapangaji waingie. Ustadh mmoja kaniambia yakini (jambo la uhakika) haiondolewi na shaka: jengo limesimama, mengine ni kadari ya Allah. Nina watoto wanne na mkataba wangu unakaribia kwisha.

JIBU: Wa alaykum salaam. Usitie saini, ndugu yangu. Ushahidi wa uongo unajua hukumu yake. Kilichonikera ni maneno ya huyo ustadh, maana si mara ya kwanza kuyasikia.

Kanuni aliyoitaja ni sahihi, ila yakini lazima iwe imetangulia. Nguzo hizi zilithibiti lini kuwa imara? Hadi sasa zimebeba ghorofa tupu. Bado watu, matangi ya maji na shehena za maduka. Kipimo chako nacho si wasiwasi wa shetani, ni dhana yenye nguvu ya mtu wa fani, na sharia huifanyia kazi. Daktari akimwambia huyo ustadh kuwa saumu itamdhuru, atamdai yakini?

Ama kadari, Khalifa Umar (r.a.) alipogeuza njia asiingie Sham (Syria na jirani zake) yenye tauni, Abu Ubayda, jemadari wake huko, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu: ndiyo, twaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi hapo Dar lilipoanguka Machi 29, 2013 na kuua watu 36, polisi walikamata watu. Kadari haikuwa utetezi. Ajabu ni kwamba wanaoihubiri hivi kwa roho za wapangaji, milango ya nyumba zao wanaifunga kwa kufuli.

Suala lako mafakihi, wanachuoni wa sharia, walishaliandika kwenye mlango wa ukuta ulioinama. Kwa Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, mwenye ukuta akishaonywa mbele ya mashahidi, akaweza kuubomoa na asiubomoe, ukaua, kuna dhamana, yaani fidia. Sisi Mashafi, wa madhehebu ya Imam Shafi, tunambana aliyeujenga ukiwa umeinama tangu mwanzo, na nguzo zako ziliinama siku zege lilipomwagwa.

Anza na tajiri, kwa maandishi na kwa adabu, na majibu ya maabara yaambatane. Huenda hajui uzito wake. Mwombe nguzo zitobolewe zipimwe upya, au ziongezwe unene kwa nondo na zege. Akikataa, nenda halmashauri na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla mpangaji hajaingia. Hiyo si kuvunja amana ya mwajiri. Imam Nawawi, mwanachuoni wetu wa Kishafi, ameruhusu hata kusengenya pale watu wanapotahadharishwa na shari.

Nakala zako zitunze nje ya ofisi. Mweleze mkeo mapema, asije kuyasikia kwa watu. Na imamu wa mtaa wako ajue, kwani mtu akipoteza kazi kwa ajili ya roho za watu, kuwatazama wanawe ni deni la jamaa wa msikiti.

Mkataba ukiisha kabla hujasema, wajibu haujaisha nao: unachokijua umeondoka nacho, na wapangaji wataingia bila kukijua. Wallahu aalam.