Tumesubiri vocha ya nyumba miaka miwili: tukiipata tutalipa kodi kiasi gani?

SWALI: Tuko Marekani, mimi, mume wangu na watoto wetu watatu. Tulikuja kama wakimbizi na sasa sote tuna grinkadi. Mume anafanya kazi ghalani, mimi nafanya usafi hotelini siku chache kwa wiki. Kwa pamoja tunapata dola 3,400 kwa mwezi kabla ya makato. Nyumba ya vyumba vitatu inachukua dola 1,650, bado umeme na gesi, na mtoto mdogo tunalipia malezi dola 250 kwa mwezi. Miaka miwili iliyopita tuliandikishwa kwenye orodha ya Section 8, mpango wa vocha wa serikali unaosaidia familia kulipa kodi ya nyumba. Wengine wanasema ukipata vocha serikali inalipa kodi yote, wengine wanasema nusu. Ukweli ni upi? Mwezi uliopita ilikuja barua yenye fomu kutoka mamlaka ya nyumba, ile ofisi ya eneo inayotoa vocha, hatukuielewa, tukaiweka. Kuna mtu pia anataka dola 150 atusogeze juu kwenye orodha. Na tukipata vocha, tunaweza kuhamia jimbo anakoishi kaka yangu?

JIBU: Dada, kabla sijagusa hesabu, itafuteni hiyo barua leo hii. Mamlaka za nyumba husafisha orodha zao kwa barua za namna hiyo. Wanauliza kama bado mnahitaji msaada, mko wangapi, mnapata kiasi gani, na wanaweka tarehe ya mwisho ya kujibu. Asiyejibu hufutwa jina, na miaka yake yote ya kusubiri hupotea naye. Katika kazi hii ya ushauri wa makazi hakuna kinachoniumiza kama kumpokea mama aliyesubiri miaka minne, barua iko mkononi, tarehe imepita majuma matatu. Haikuwa kwamba hakustahili. Barua ilikaa juu ya kabati.

Tafuteni mtu mzima anayesoma Kiingereza vizuri awasomee. Msimwachie mtoto wa shule. Maneno ya fomu hizi yanawashinda hata watu wazima waliozaliwa huko. Tarehe ikiwa haijafika, jazeni, muipeleke wenyewe, na muombe nakala iliyopigwa muhuri. Ikiwa imepita, ipelekeni hivyo hivyo pamoja na barua fupi ya kuomba mrudishwe kwenye orodha, mkieleza kilichotokea. Baadhi ya mamlaka zina utaratibu wa kurudisha majina. Na kama mtu alishindwa kujibu kwa sababu ya ulemavu wa mmoja wa familia, kanuni zinawalazimisha kumrudisha mahali pake pa awali. Tena, kila mnapohama au kubadili namba ya simu, waarifuni kwa maandishi. Barua inayorudi posta kwa kukosa mwenyewe huishia pale pale.

Sasa hesabu. Waliowaambia serikali inalipa yote wamewapotosha, na wa nusu nao wamekisia. Mpango huu, unaoitwa Section 8 kutokana na kifungu cha 8 cha sheria ya nyumba ya 1937 kama kilivyoandikwa upya mwaka 1974, hupima mfuko wa familia kwanza. Kwa kawaida familia huchangia asilimia 30 ya mapato baada ya kupunguziwa vitu fulani.

Tuchukue mapato yenu: dola 3,400 mara miezi 12 ni 40,800 kwa mwaka, na hiyo ni kabla ya kodi ya mapato. Kila mtoto anawapunguzia kiasi ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 480 kwa mwaka na sasa kinaweza kupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Kwa watoto watatu tuseme 1,440. Malezi ya mtoto mdogo mnayolipia ili muende kazini nayo hutolewa: 250 mara 12 ni 3,000. Basi tunzeni risiti zote za mlezi, maana pasipo karatasi hakuna punguzo. Zinabaki 36,360 kwa mwaka, yaani 3,030 kwa mwezi. Asilimia 30 yake ni dola 909. Huo ndio mchango wenu wa msingi.

Bado hatujamaliza, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mamlaka huweka kiwango cha juu inachokubali kwa nyumba ya ukubwa wenu, kodi pamoja na umeme, gesi na maji. Kiwango hicho kwa kawaida huwa kati ya asilimia 90 na 110 ya bei ambayo wizara ya makazi, HUD, hutangaza kila mwaka kwa kila eneo. Tuseme kwa vyumba vitatu ni dola 1,750, namba ya mfano tu. Nyumba yenu ni 1,650, na tukikadiria umeme na gesi kuwa 180, jumla ni 1,830. Mamlaka italipa 1,750 kutoa 909, yaani 841. Ninyi mnabaki na 989: dola 809 kwa mwenye nyumba na zile 180 za bili. Mnaona zile dola 80 zilizozidi kiwango zimewaangukia ninyi. Mngepata nyumba isiyozidi kiwango, mngebaki na 909 zenu. Mnapoingia nyumba mpya yenye gharama inayozidi kiwango, sheria hairuhusu mchango wenu upite asilimia 40 ya mapato yaliyopunguzwa, kwenu dola 1,212. Nyumba ikiwapeleka juu ya hapo, mamlaka itaikataa hata mkiipenda vipi.

Mume akipunguziwa saa za kazi, toeni taarifa upesi, mchango utashuka. Mapato yakiongezeka, fuateni kanuni ya mamlaka yenu ya kutoa taarifa. Kuficha kunaweza kuleta deni na hata kunyang'anywa vocha. Na mwenye nyumba akiwaomba mwongeze kitu pembeni, nje ya mkataba uliopitishwa na mamlaka, msikubali hata senti. Hilo ni kosa, nanyi mtahesabiwa nalo.

Lazima niwaambie na gumu. Kwa jumla ni kama familia moja kati ya nne zinazostahili msaada wa kodi wa serikali kuu ndiyo huupata. Isitoshe, asilimia 75 ya wanaopewa vocha kwa mara ya kwanza kila mwaka wanatakiwa kuwa wale wa mapato ya chini kabisa: wasiozidi asilimia 30 ya mapato ya kati ya eneo (yaani ya familia iliyo katikati, nusu wakipata zaidi yake na nusu pungufu), au mstari wa umaskini wa taifa, kwa vile ulio juu kati ya hivyo viwili. Familia ya watano yenye dola 40,800 inaweza kuwa juu kidogo ya mstari huo katika maeneo mengi, ingawa bado chini ya asilimia 50 ya mapato hayo ya kati, inayofungua mlango wa kuomba. Mnastahili, lakini foleni yenu huenda ni ndefu kuliko mnavyodhani. Hiyo ndiyo sababu siwashauri mkae na orodha moja.

Hakuna sheria inayowazuia kuomba kwa mamlaka kadhaa, hata za wilaya jirani. Ulizeni pia majengo ambayo msaada umefungwa kwenye nyumba yenyewe. Humo mchango hufuata mapato kama kwenye vocha, ila mkihama msaada hubaki na nyumba. Halafu kuna majengo yaliyojengwa kwa nafuu ya kodi ya mapato ambayo serikali huwapa wajenzi, iliyoanzishwa mwaka 1986. Haya ni mengi, na watu wetu huyapita bila kuyajua. Kodi ya kupanga humo ina kikomo kinachopangwa kwa mapato ya eneo, wala haitazami mfuko wako. Mkipoteza kazi, haishuki. Lakini kila jengo lina orodha yake, mara nyingi fupi, na sheria haimruhusu mwenye jengo hilo kumkataa mtu kwa sababu ana vocha. Mkiingia leo na vocha ikaja baadaye, mnaweza kuitumia humo humo.

Huyo wa dola 150 mwambieni hapana, na msimpe namba zenu za Social Security. Kuomba vocha ni bure na hakuna mtu wa nje anayeweza kusogeza jina. Kinachosogeza ni vipaumbele vya mamlaka yenyewe: wasio na makao, wakazi wa eneo, familia zinazofanya kazi, na kadhalika, kila mahali na vyake. Mnapojaza ile fomu angalieni kama kuna kinachowahusu. Mlipoandikishwa miaka miwili iliyopita huenda hamkukitaja.

Kuhamia kwa kaka yako inawezekana, kwa kuwa vocha husafiri popote Marekani penye mamlaka inayoendesha mpango huu. Lakini kama wewe na mume wako hamkuwa wakazi wa eneo la mamlaka iliyowapa vocha siku mlipoomba, inaweza kuwataka mkae kwao miezi 12 kwanza. Na mkiwa wapya kwenye mpango, mapato yenu yatapimwa kwa vipimo vya huko mnakokwenda. Vocha ikitoka mnapewa angalau siku 60 za kutafuta nyumba, na muda huo huisha haraka, hasa mahali ambapo wenye nyumba wanaruhusiwa kukataa vocha. Kwa kawaida vocha hailipi amana ya kuingilia wala gari la kuhamisha vitu. Kama mnamfikiria kaka, aanze kuulizia nyumba mapema, nanyi anzeni kuweka ya amana tangu sasa.