Re: Beetle 1300 ya 1970 au Vitz ya 2002 kwa safari za Mbeya–Tukuyu kila siku?

Mkuu, kwa safari ya kila siku chukua Vitz.

Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta ya Beetle humwaga petroli kupita kiasi: moshi mweusi, plagi zenye masizi, nguvu hafifu mlimani. Dawa ni kuweka jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta) ndogo kidogo. Vitz ina EFI (mfumo wa kompyuta unaopima petroli), inajirekebisha yenyewe.

Beetle haina rejeta, hupozwa kwa upepo, ila isikudanganye: nayo huchemka. Oili yake ni lita 2.5 tu, nayo husaidia upepo kubeba joto. Tapeti (uwazi wa valvu) pima injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Uwazi ukiwa mdogo mno, valvu ya ekzosi ya silinda namba 3 huungua kwanza, kwa kuwa kipoza oili kinaizibia upepo. Breki za dramu zikipata moto mteremkoni hulegea. Shuka na gia ya pili.

Kwenye Vitz, kagua rejeta na uweke kulanti (kimiminika maalum cha kupoza injini), si maji ya bomba yanayoleta kutu.

Beetle ibaki ya Jumapili, spea zake zina msako.