Torrent imekwama? Pa kutazama kwanza

Ukipakua faili kwenye tovuti ya kawaida, seva moja inawagawia wote. Ikizimwa, wote mnakosa. Kwenye mtandao wa P2P, kompyuta yako inapokea kutoka kwa kompyuta za wenzako na papo hapo inawagawia wao. Jifunzie kwa BitTorrent, njia ya P2P iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001 (upakuaji wa njia hiyo ndio huitwa torrent), na uanze na faili la kusakinishia mfumo endeshi wa Debian au Ubuntu, kwa sababu watengenezaji wenyewe wanaligawa kwa njia hiyo, halali kabisa.

Faili la GB 4 hukatwa vipande, tuseme vya MB 2, yaani kama 2,000. Kila kipande kina heshi yake, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Kikifika, programu hukokotoa heshi upya. Isipolingana, kipande kinatupwa na kuombwa tena. Ndiyo maana unapokea kwa watu usiowajua na faili linafika zima. (Zima, siyo lazima salama: kama aliyeliweka alitia virusi, utapata virusi vilevile.)

Wanaoanza hukwama kwenye 99% wakalaumu intaneti. Kwenye qBittorrent, mojawapo ya programu za kupakulia torrent, tazama kiwango cha upatikanaji. Kikiwa chini ya 1, mliounganishwa wote, hata mkijumlisha vipande vyenu, hamfikishi nakala moja kamili. Kununua kasi zaidi hakusaidii kitu hapo. Subiri mwenye nakala kamili arudi hewani, au tafuta torrent nyingine.

Kama wenye nakala kamili ni wengi na bado inakokota, angalia upakiaji. Ukiuachia bila kikomo, njia ya kutoka inajaa, taarifa za "nimepokea" zinachelewa kuwafikia wanaokutumia, nao wanapunguza mwendo. Weka kikomo kwenye 80% hivi ya kasi yako halisi ya kupakia: Mbps 2 ni KB 250 kwa sekunde, kwa hiyo andika 200. Usibane mpaka KB 5, maana programu za wenzako hupendelea anayewarudishia. Na usiandike 0 ukidhani umezima. Kwenye qBittorrent hiyo ni "bila kikomo".

Halafu kuna suala la poti, yaani mlango ambao wenzako hupitia kuifikia programu yako. Fungua ukurasa wa ruta, soma anwani yake ya nje. Ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127, kampuni ya mtandao imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua poti kwenye ruta yako ni kazi bure. Bado utapakua, ila kwa miunganisho unayoianzisha wewe tu, hivyo wenzako wachache ndio utakaowapata.

Kwa mwenye bando: kupakia nako kunakula MB. Ukipakua GB 4 na kurudisha kiasi hichohicho, GB 8 zimeondoka. Weka kwenye mipangilio isimame uwiano (ulichopakia kwa ulichopakua) ukifika 1. Mwenye intaneti isiyo na kikomo aiache ikiendelea kugawa hata baada ya hapo. Bila watu wa namna hiyo upatikanaji unashuka chini ya 1.