Profesa wa hisabati hutafiti nini? Majibu kwa wasomaji

Profesa, hisabati si ilikwisha kuandikwa vitabuni zamani? Bado mnatafuta nini?

Kilichomo katika vitabu vya shule ni ile sehemu iliyokwisha kuthibitishwa, na kwa kiasi kikubwa ni kazi ya karne zilizopita. Nje ya vitabu hivyo yamebaki maswali mengi ambayo hakuna anayejua majibu yake, na baadhi yake yanaelezeka kwa mtoto wa darasa la sita. Mimi ninashughulika na nadharia ya namba, hasa namba tasa, yaani zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha, miaka 300 hivi kabla ya Kristo, kwamba namba hizo hazina mwisho. Lakini ukiuliza kuhusu namba tasa pacha, zile zinazopishana kwa 2 kama 11 na 13 au 17 na 19, kama nazo hazina mwisho, hadi leo hakuna aliyeweza kuthibitisha.

Mwaka 2013 Yitang Zhang alithibitisha kwamba jozi za namba tasa zinazopishana kwa kiasi kisichozidi milioni 70 haziishi. Milioni 70 ni mbali sana na 2, lakini kabla yake hapakuwa na kikomo chochote kilichothibitishwa, na hiyo ndiyo sababu habari ile ilitutikisa. Katika muda wa takribani mwaka mmoja, James Maynard kwa njia yake mpya, na kundi la wanahisabati waliofanya kazi kwa pamoja na kwa uwazi, walikishusha kikomo hicho hadi 246. Kinachonivutia zaidi ni mahali tulipokwama: hata tukikubali dhana nyingine kubwa ambayo bado haijathibitishwa, njia hizo zinafika 6 na kuishia hapo. Kutoka 6 hadi 2 kunahitajika wazo jipya kabisa, na si jitihada zaidi katika mawazo yale yale.

Shikamoo, Profesa. Ukikaa na karatasi na kalamu, hasa unafanya nini?

Marahaba. Mara nyingi ninaanza na mifano midogo, kisha ninaitilia shaka. Tuchukue mfano huu, ambao huwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Zidisha namba tasa za mwanzo, kisha ongeza 1. Unapata 2 × 3 + 1 = 7, halafu 2 × 3 × 5 + 1 = 31; ukiendelea na 7 unapata 211, na ukizidisha na 11 pia unapata 2311. Zote nne ni namba tasa, na hapo wengi huwa tayari kutangaza kanuni. Hatua inayofuata, ya kuzidisha na 13 pia, inatoa 30031, ambayo ni 59 × 509, na kanuni inaanguka.

Tazama sasa jinsi Euclid alivyokuwa mwangalifu. Hoja yake haikuhitaji jibu liwe namba tasa. Ilihitaji tu kwamba kila namba tasa inayoligawanya jibu hilo iwe nje ya orodha tuliyoanza nayo, na ndivyo ilivyo kwa 59 na 509. Sehemu kubwa ya utafiti ni kazi ya namna hii: kutenganisha kile ambacho mifano inakipendekeza na kile ambacho hoja inakihitaji kweli. Na kama jibu la hesabu hiyo litakuwa namba tasa mara zisizo na mwisho, hilo nalo bado halijulikani.

Kufundisha hakukuli muda wa utafiti?

Kunakula muda, lakini nisingependa kuacha kufundisha. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini hatua fulani ni halali hukulazimisha kuirudia hatua uliyoizoea kiasi cha kutoiona. Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kumchagulia mwanafunzi wa shahada ya uzamivu swali la utafiti, kwa kuwa lisiwe jepesi la kumalizika kwa wiki mbili, wala lisiwe zito la kummalizia miaka yake bila chochote cha kuandika.

Nani anahakikisha kwamba uthibitisho ni sahihi? Na mbona majina ya waandishi wenu hufuata alfabeti?

Makala hutumwa kwa jarida, na jarida huwapa wahakiki wanaoijua mada hiyo, ambao huisoma mstari kwa mstari. Kazi hiyo huchukua miezi, na kwa makala ndefu hupita mwaka. Ni kazi ya kujitolea na kwa kawaida jina la mhakiki halitajwi, ingawa bila yeye tusingeweza kuaminiana. Andrew Wiles alitangaza uthibitisho wa kauli ya Fermat, kwamba hakuna namba kamili chanya zinazotimiza aⁿ + bⁿ = cⁿ pale n inapozidi 2, mwezi Juni 1993, baada ya swali hilo kudumu zaidi ya karne tatu; wakati wa uhakiki likaonekana pengo katika hoja, na ilimchukua hadi Septemba 1994, akisaidiana na Richard Taylor, kuliziba. Uthibitisho ulichapishwa mwaka 1995. Mimi hukitaja kisa hiki kama ushahidi kwamba utaratibu wetu unafanya kazi hata kwa jina kubwa.

Kuhusu majina, desturi yetu ni kuwahesabu wote walioandika makala kuwa sawa, kwa sababu ni vigumu kusema wazo lilianzia kwa nani.

Ni kweli kwamba mwanahisabati akifika miaka 40 amekwisha?

Hapana. Imani hiyo imechochewa na Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati inayotolewa tangu 1936, ambayo kwa kanuni zake za sasa haipewi aliyezidi miaka 40. Zhang niliyemtaja hapo juu alikuwa amevuka 50.

Kompyuta zitawaondoa kazini?

Zimekwisha kubadili kazi yetu. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken walitumia kompyuta kuthibitisha kwamba rangi 4 zinatosha kupaka ramani yoyote bila maeneo yanayopakana kufanana. Mwaka 1998 Thomas Hales alitangaza uthibitisho wa dhana ya Kepler ya mwaka 1611, kuhusu namna ya kupanga matufe yanayolingana ili yabanane kuliko mpango mwingine wowote. Wahakiki walisema wana uhakika wa asilimia 99, lakini hawawezi kukagua hesabu zote za kompyuta. Hales na wenzake wakaiandika upya hoja nzima kwa lugha ambayo programu inaweza kuikagua hatua kwa hatua, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 2014.

Ninazikaribisha programu hizo kwa moyo wote, kwa kuwa zitawapunguzia wahakiki mzigo. Hata hivyo, programu ikiniambia kwamba kauli ni kweli, bado nitataka kujua kwa nini ni kweli, na wazo lile lile linaweza kutufikisha wapi kwingine. Kwa upande wa namba tasa pacha, hayo ndiyo hasa tunayoyasubiri.