Ugonjwa wa sikio huanzia puani: majibu kwa wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Baridi ikishakolea huku kwetu, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, maswali yanayonifikia hubadilika. Ya malaria hupungua, ya masikio huongezeka. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina ya wenyewe nimeyaacha. Yote nayajibu nikijua kwamba sijamwona mtoto, na sikio halipimwi kwa maelezo. Lazima mtu achukue kile kitochi chake achungulie ndani.

Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 10 na ameshaumwa sikio mara mbili. Mimi na baba yake hatujawahi. Kwa nini iwe watoto tu? (Mama, Uyole)

Marahaba mama. Huenda nanyi mliumwa ila hamkumbuki. Waulizeni bibi zake, nadhani watakuwa na la kusema.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, ndicho tunachokiita sikio la kati. Kwa upande wa nje kimezibwa na ngoma yenyewe. Mlango wake uko ndani: ni mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua, juu ya koo. Waliosoma biolojia sekondari wataukumbuka kwa jina la mrija wa Eustachi. Kila tukimeza au kupiga miayo, mrija huo hufunguka kidogo, hewa ikaingia, na ute wa mle ndani ukapata pa kutokea.

Kwa mtu mzima mrija huu umeinama vizuri, kama nyuzi 45. Kwa mtoto mchanga umelala, nyuzi 10 hivi, urefu wake ni kama nusu ya wetu, na misuli ya kuufungua bado haijakomaa. Ulaze chini mpira wa kumwagilia bustani uone maji yanavyogoma kutoka. Ute nao hugoma hivyohivyo. Na kwa kuwa njia ni fupi, vimelea vya puani havina safari ndefu kufika sikioni.

Sasa mtoto apate mafua. Kuta za mrija zinavimba, njia inaziba. Hewa iliyobaki sikioni inanyonywa na mwili taratibu bila nyingine kuingia, ngoma inavutwa ndani, majimaji yanajikusanya. Bakteria waliokuwa wamejikalia puani bila kumsumbua mtu, hasa yule nimokoko ambaye pia huleta nimonia, wanapanda na kukuta maji yametulia. Usaha unajaa, ngoma inasukumwa nje, na hapo ndipo kilio cha saa nane za usiku kinapoanza. Mama wengi hunisimulia vilevile: mafua siku tatu nne, walipodhani yanaisha, homa ikapanda upya na mtoto akawa hataki kulazwa.

Ongeza mambo mawili. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako hupungua anapokaribia nusu mwaka, na yake mwenyewe bado inajifunza kazi; ndiyo maana kati ya miezi 6 na miaka 2 ndicho kipindi kibaya zaidi. Pili, pale mrija unapofungukia kuna nyama za puani, ambazo kwa watoto huwa kubwa na wakati mwingine huziba njia au kuwa maficho ya vimelea. Akifika miaka 7 hivi mrija umeshuka, nyama zimeanza kusinyaa, na mambo hutulia. Kwa hiyo mwanao hana kasoro. Ana miezi 10 tu.

Sisi Makete baridi ni kali mno. Mke wangu humvalisha mtoto kofia mbili na kumziba masikio kwa pamba ili upepo usiingie, lakini bado anaumwa. Tunakosea wapi tena? (Baba, Makete)

Kofia moja nzuri inatosha, ya pili ni mapenzi. Pamba toeni. Upepo hauwezi kupita kwenye ngoma nzima ukaingia sikio la kati, na kama sikio linatoa usaha, kuliziba ni kuufungia uchafu ndani.

Baridi ina mchango wake, ila si kwa njia ya upepo. Baridi hutufungia ndani. Watu sita katika chumba kimoja, dirisha limefungwa, mmoja ana mafua: baada ya siku chache wote wanayo, na mdogo kuliko wote ndiye yanayempanda sikioni.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza, baba, nami naliuliza mimi: mnapikia wapi? Nyumba nyingi za huko jikoni ndiko kwenye joto, na mama hukaa na kuni huku mtoto yuko mgongoni au pajani saa nzima. Moshi huvimbisha utando wa pua na wa ule mrija, tena hulemaza vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kuusukuma ute utoke. Moshi wa sigara hufanya vivyo hivyo, hata kama mvutaji amekaa mlangoni. Najua siwezi kukuambia mpike nje mwezi wa saba wakati sakitu imelala kwenye majani. Lakini mtoto anaweza kukaa na mtu mwingine chumba cha pili wakati moto unawashwa na moshi ni mwingi, kuni zinaweza kukaushwa vizuri kabla ya kutumika, na tundu la kutolea moshi juu ya jiko ni kazi ya fundi ya siku moja. Jiko la mkaa kulala nalo chumbani ni habari nyingine kabisa: hewa yake imeshaua watu wakiwa usingizini, kwa hiyo hapo sina mjadala.

Nafanya biashara Mwanjelwa, mtoto wa miezi 5 namwachia dada wa kazi na chupa ya maziwa. Kuna ubaya? (Mama, Mbeya mjini)

Ubaya uko zaidi kwenye kulala chali na chupa mdomoni. Maziwa hurudi nyuma ya pua na kuingia kwenye mrija. Mwambie dada ampakate, kichwa kiwe juu kuliko tumbo, na asimwachie chupa imeegemezwa kwenye mto.

Kama unaweza, kamua maziwa yako asubuhi, dada amnyweshe kwa kikombe kidogo kisafi. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza hupunguza magonjwa ya sikio, kwa sababu ya kinga iliyomo na pia kwa sababu ya namna mtoto anavyonyonya.

Mjukuu wangu daktari, zamani tulitia mafuta ya uvuguvugu sikioni, au maji ya kitunguu, au maziwa ya mama mtu, na watoto wakapona. Siku hizi mnakataza kila kitu. (Bibi, Tukuyu)

Shikamoo bibi. Walipona kweli, wala sikatai. Wengi wangepona hata bila mafuta, kwa kuwa sikio nyingi hutulia zenyewe ndani ya siku mbili tatu, na joto la uvuguvugu hufariji. Tatizo ni wale ambao ngoma ilikuwa imeshatoboka. Kwao mafuta yaliingia moja kwa moja kwenye chumba cha ndani, kitunguu kikaunguza, maziwa yakawa chakula cha bakteria. Wewe kwa macho huwezi kujua ngoma ya mjukuu ni nzima au imetoboka. Hata mimi bila kitochi siwezi.

Joto unalo ruhusa bibi: kitambaa kikavu kilichopashwa kidogo, ukijaribu kwanza kwenye mkono wako, uweke nje ya sikio.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alilia usiku kucha, asubuhi nikakuta usaha kwenye mto na yeye anacheza. Nimeambiwa dukani niweke matone ya macho. Niweke? (Dada, Mafinga)

Usiweke kwanza, dada yangu. Anacheza kwa sababu ngoma imetoboka, usaha umepata njia na ule mgandamizo umeisha. Kupungua kwa maumivu si kupona. Mpeleke zahanati leo au kesho.

Mtoto wa umri huo mwenye usaha kwa kawaida huandikiwa amoksilini kwa uzito wake, mara nyingi kwa siku 5. Atapata nafuu siku ya pili, nawe utashawishika kuitunza chupa iliyobaki kwa ajili ya safari nyingine. Mpe mpaka siku zitimie. Kwa homa na maumivu, parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito. Aspirini asipewe mtoto. Kuhusu matone: baadhi yake yana dawa inayoweza kudhuru sikio la ndani ikipita kwenye tundu la ngoma, ndiyo maana aliyechungulia ndiye aandike.

Sikio lenyewe likaushe hivi. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kikate ukanda mdogo, usokote ncha iwe kama utambi. Nawa mikono. Mpakate mtoto kichwa kikiwa kimeegemea kifuani kwako, vuta sikio taratibu kuelekea nyuma na chini, ingiza ncha mpaka pale inapokwenda bila kusukuma. Iache ilowe, itoe, tupa, weka nyingine. Rudia mpaka ncha itoke kavu, mara tatu kwa siku. Usitumie njiti ya kiberiti, wala vile vijiti vyenye pamba vya dukani, wala karatasi laini ya chooni inayochanikia ndani. Hakuna haja ya kumwagia kitu.

Tundu nyingi hujifunga zenyewe. Usaha ukifikisha siku 14 bila kukoma umeshakuwa ugonjwa sugu, matibabu yake ni mengine, na ukipuuzwa mtoto hupoteza usikivu. Usisubiri siku hizo, wala hata kesho, ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio na sikio limesukumwa mbele, uso umepinda upande mmoja, shingo imekakamaa, degedege, au mtoto hanyonyi na haelekezi macho kwako ukimwita. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Kila tukisafiri kwenda Dar, basi likianza kushuka Kitonga mtoto analia na kushika masikio. Ni ugonjwa? (Baba, Iringa)

Ni mrija uleule. Mkishuka, hewa ya nje inakuwa nzito kuliko iliyo nyuma ya ngoma, na mrija wake mdogo unachelewa kusawazisha. Mnyonyesheni au mpeni maji anywe funda ndogondogo kabla kona hazijaanza. Kumeza ndiko kunakoufungua. Wanaotoka Mbeya kwenda Kyela wafanye hivyohivyo wakiipita Tukuyu. Kama ana mafua makali na safari inaweza kusubiri, subirini.

Nina mwanafunzi wa awali, ana miaka 5. Nikimwita haitiki, wenzake wakicheka naye anacheka tu bila kujua kinachochekwa. Mama yake anasema ni mkaidi. (Mwalimu, Njombe)

Mwalimu, hiyo ya kucheka bila kujua kinachochekwa ndiyo iliyonifanya nisome ujumbe wako mara mbili. Mtoto mkaidi husikia, halafu akakataa.

Baada ya sikio kuugua, mara nyingi majimaji mazito yanayonata hubaki nyuma ya ngoma hata kama homa na maumivu vimekwisha. Ngoma haitikisiki vizuri, sauti hupita kwa shida. Mtoto halalamiki kwa sababu haoni maumivu, na wala hajui kwamba wengine wanasikia zaidi yake. Dalili anazoziona mtu mwingine ni za nje: anasema "eeh?" kila mara, anasogelea redio, maneno yake hayanyooki, leo anasikia vizuri na kesho hasikii. Hilo la mwisho ndilo linalowapotosha wazazi: "Akitaka husikia."

Kwa watoto wengi maji hayo hunyauka yenyewe ndani ya miezi 3. Wakati huo mkalishe mbele, mguse bega kabla ya kuongea, ongea naye akikutazama usoni. Miezi hiyo ikipita bila mabadiliko, au kama tayari amechelewa kuongea, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Zahanati inaweza kuandika rufaa kwenda hospitali ya mkoa, au ya kanda pale Mbeya. Na ongea na mama yake kwa upole, maana ukaidi huo huenda umeshamgharimu mtoto viboko.

Mtoto ana homa, anavuta sikio, ana mate mengi. Jirani anasema ni meno ya plastiki, kuna mzee anayang'oa. (Mama, Rujewa)

Tafadhali usimpeleke. Kinachoitwa meno ya plastiki ni chipukizi za meno yake halali ambazo bado ziko ndani ya ufizi. Homa na kuvuta sikio vina sababu nyingine, na sikio lenyewe ni mojawapo. Malaria na nimonia pia zipo. Kung'oa huko kwa spoku au kisu kumeleta damu isiyokoma, vidonda vinavyooza, na vifo. Mtoto anayebaki hai hurudi nyumbani na homa yake ileile, kwa sababu aliyemng'oa hakuigusa. Kukata kimeo nako ni hivyohivyo.

Wangu ameumwa mara 4 mwaka huu. Naogopa kuuliza, lakini je, ni VVU? (Mama, Ilula)

Umefanya vizuri kuuliza. Mara nyingi siyo. Mafua ya mara kwa mara, moshi na umri vinatosha kabisa. Ila Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi mengi nchini, na usaha wa sikio unaojirudia ni mojawapo ya mambo yanayotufanya tupime. Kipimo ni bure, na mtoto akiwahi dawa anakua. Siku hiyohiyo nenda na kadi ya kliniki waangalie kama alimaliza chanjo. Ile ya nimokoko, ambayo watoto wetu wamekuwa wakiipata tangu 2013 wakiwa na wiki 6, 10 na 14, inakinga nimonia kwanza, lakini na masikio hufaidika kiasi. Surua nayo huharibu masikio, kwa hiyo dozi ya miezi 9 na ya miezi 18 zisirukwe.

Sikio lilitoa usaha wiki mbili zilizopita, sasa limekauka. Krismasi tunakwenda Matema, anaruhusiwa kuogelea? (Baba, Mbeya)

Maji ya kuoga au ya ziwa hayaleti ugonjwa wa sikio la kati kama ngoma ni nzima. Yake bado hatujui. Mrudishe achunguliwe kabla ya safari. Wakikuta imeziba, aogelee. Wakikuta tundu bado lipo, acheze mchangani na maji yaishie kiunoni.